Sultani wa Msimbati na bendera isiyogombaniwa

Mwaka 1959 Msimbati ilipata sultani, na sultani mwenyewe alikuwa Mwingereza. Latham Leslie-Moore, mtumishi wa serikali aliyestaafu, alikuwa akiishi kwenye rasi ile ya mchanga na minazi iliyo kusini-mashariki mwa mji wa Mtwara, karibu na pale Ruvuma inapomwaga maji yake baharini. Akatangaza kwamba Msimbati imejitenga na Tanganyika, kwamba ni nchi inayojitegemea, na yeye ndiye mtawala wake. Akaitafutia na bendera, maana nchi bila bendera nani ataiamini?

Kisa hiki husimuliwa kama kichekesho, na kwa kweli kinachekesha. Serikali ya Tanzania haikucheka. Kabla miaka ya 1960 haijaisha, sultani alikuwa ameshafukuzwa nchini. Kisha mwaka 1982 gesi asilia ikagunduliwa Mnazi Bay, yaani pale pale usultanini. Mwenye nafasi akae barazani ajiulize mambo yangekuwaje laiti mzee yule angevumiliwa hadi siku hiyo. Mimi kinachonishughulisha ni kitambaa chake.

Kwa nini bendera ya Msimbati imebaki bendera ya nchi ya kubuni, ilhali vitambaa vingine vilivyopepea pwani hii ya kusini vimeingia kwenye historia kama bendera za kweli? Jibu jepesi ni kwamba Leslie-Moore hakuwa na jeshi. Jibu hilo haliniridhishi. Zimekuwepo bendera zenye majeshi ambazo leo hakuna anayezililia, na zimekuwepo nchi zenye watu na ubishi wao ambazo hazikuwahi kushona kitambaa. Naona tatizo liko kwingine. Bendera ya Msimbati ilimaliza kazi yake siku ileile iliyopatikana. Aliyeichagua alikuwa mtu mmoja, na aliyekuwa na haki ya kusema maana yake alikuwa mtu huyohuyo. Hapakuwa na wa pili wa kusema "rangi hii hapana", wala wa kuuliza kwa nini ipandishwe hapa na si kule. Kitambaa hushiba maana pale watu wanapokibishania, na kwa ushahidi wa hilo mtu wa Lindi au Mtwara hana haja ya kwenda mbali.

Kabla ya Wajerumani, bendera iliyojulikana kuanzia Kilwa hadi Mikindani ilikuwa ya Sultani wa Zanzibar, nyekundu tupu. Haikuwa na nyota, mwezi wala maandishi. Ukiiona juu ya nyumba ya liwali ulijua ushuru unalipwa kwa nani na kesi inapelekwa wapi, basi. Wapenda bendera wa leo, wanaotaka kila rangi iwe na maelezo yake, wangeiona maskini.

Mwaka 1888 Sultani Khalifa bin Said aliikodisha pwani kwa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Mkataba wa tarehe 28 Aprili uliipa kampuni haki ya kukusanya ushuru na kuendesha utawala kwa jina la Sultani na chini ya bendera yake. Hayo ya bendera yalikuwemo. Kampuni nayo ilikuwa na ya kwake: nyeupe, yenye msalaba mweusi, na kwenye pembe ya juu pande jekundu lenye nyota tano za Msalaba wa Kusini. Kwa jicho la mchoraji ni bendera iliyofikiriwa kuliko ile nyekundu tupu. Ina mpangilio, na ina anga ambalo hata mvuvi wa Msimbati analijua usiku. Agosti ya mwaka huo, huko Pangani, wakala wa kampuni aitwaye Emil von Zelewski akataka ipandishwe pamoja na ya Sultani. Liwali akakataa. Wanamaji wa Kijerumani wakateremshwa kutoka melini, bendera ya Sultani ikaondolewa kwa nguvu nyumbani kwa liwali, na pwani ikawaka. Zelewski huyu ndiye aliyekuja kuuawa na Wahehe pale Lugalo mwaka 1891. Kuna watu hawajifunzi.

Moto ulifika huku kwetu mwezi uliofuata. Kilwa, maofisa wawili wa kampuni waliuawa. Lindi na Mikindani wenzao walinusurika kwa kukimbilia baharini. Wajerumani hawakurudi kusini hadi Mei 1890, safari hii wakiwa na Hermann von Wissmann, mizinga na askari wa kukodi. Wanahistoria wanataja sababu nyingi za vita vile: ushuru, ardhi, biashara ya misafara, kiburi cha maofisa wa kampuni. Zote zina uzito. Lakini cheche ilirukia kwenye mlingoti, na sidhani kwamba ilikuwa bahati mbaya. Ushuru watu wanaweza kuunung'unikia mwaka mzima majumbani mwao. Bendera ikishushwa, sokoni wameona wote, na kila mtu anajua mwenzake ameona.

Tena angalia kilichokipata kitambaa chenyewe. Wengi waliopigana hawakuwa wakimpenda Sultani. Abushiri bin Salim, kiongozi wao kule kaskazini, alikuwa na uhasama naye wa siku nyingi, na ndiye Sultani aliyewakodisha wote kama shamba la minazi. Hata hivyo, ile bendera iliyokuwa alama ya mtoza ushuru wa Zanzibar ikawa, kwa miezi kadhaa, sababu ya kupigana na Wajerumani. Hakuna kamati iliyokaa kubadilisha maana yake. Wekundu ulikuwa uleule. Aliyekuja kuishusha ndiye aliyeibadilisha.

Upande mwingine wapo waliokuwa na nchi bila kuwa na kitambaa. Machemba, mtawala wa Kiyao kwenye uwanda wa juu wa Makonde, alipotakiwa na Wissmann mwaka 1890 aje kujisalimisha, alimjibu kwa barua ya Kiswahili. Kwa ufupi alimwambia kwamba haoni sababu ya kumtii. Kama ni urafiki, yuko tayari, lakini kuwa chini yake, hapana. Ilikuja kufika 1899 ndipo Wajerumani walipomng'oa, naye akavuka Ruvuma kuingia upande wa Wareno. Mlinganishe na sultani wetu wa Msimbati. Huyu ana tangazo la uhuru na bendera, lakini ukimwondoa yeye nchi imekwisha. Yule ana barua moja na watu nyuma yake, na Mjerumani anahangaika naye karibu miaka kumi.

Na Nandete je? Mwishoni mwa Julai 1905, kwenye milima ya Umatumbi, wilaya ya Kilwa ya sasa, watu waling'oa miche ya pamba kwenye shamba la kulazimishwa, na kila mtu akajua vita vimetangazwa. Maji Maji iliunganisha watu wa lugha nyingi kwa dawa ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, bila mlingoti hata mmoja. Mpe mbunifu wa leo kazi ya kuichorea Maji Maji bendera. Nakuhakikishia ataweka bluu kwa ajili ya maji na ua jeupe la pamba, na atakuwa amekosea kote kuwili: maji yale yalikuwa dawa ya kunywa na kunyunyiziwa, na pamba ndiyo iliyokuwa adui.

Kuna bendera nyingine ya nchi yetu ambayo naiweka kapu moja na ya Msimbati, ingawa wengi watashangaa. Mwaka 1914 waziri wa makoloni wa Ujerumani, Wilhelm Solf, alibuni nembo na bendera kwa ajili ya makoloni yao, na ya Afrika Mashariki ikapewa kichwa cha simba. Vita Kuu ikaanza mwaka huohuo. Bendera ile haikupata kutumika. Leo utaikuta mtandaoni imebandikwa juu ya historia ya Tanganyika, kana kwamba ilipepea juu ya boma la Lindi na wazee wetu wakapita chini yake. Ni bendera ya kubuni kama ya Leslie-Moore, tofauti ni kwamba aliyeibuni alikuwa na manowari. Waingereza walipokuja wao wakaweka kichwa cha twiga. Simba akampisha twiga, na binadamu wa nchi hiyo bado hajatajwa popote.

Msomaji makini ameshanishika hapa. Atasema, mwandishi, usitufanye watoto; hata Tanganyika ilibuniwa. Na kweli ilibuniwa. Mwaka 1886 Wajerumani na Wareno walikubaliana Ruvuma iwe mpaka wao, huko Ulaya, bila mtu wa Ruvuma kuwepo. Mwaka 1894 Wajerumani wakaona haitoshi, wakaichukua Kionga, kipande kidogo kilicho kusini mwa mdomo wa mto, ng'ambo tu ya Msimbati. Mwaka 1916 Wareno wakakinyakua, na baada ya vita wakaachiwa. Mtoto aliyezaliwa Kionga wakati huo aliona bendera ya Mjerumani, akazeeka chini ya bendera ya Mreno, na wajukuu zake wakaipigia makofi ya Msumbiji mwaka 1975, wote wakiwa kwenye kiwanja kilekile cha nyumba. Mtu wa Kionga ana haki ya kuniuliza ni ipi kati ya hizo isiyokuwa ya kubuni.

Namjibu hivi: kubuniwa si tatizo. Kila nchi mtu aliibuni siku moja. Swali ni kama wengine walipata nafasi ya kuingiza mkono, na hapo ndipo rangi za TANU zinaponivutia. Kijani, nyeusi, kijani: kitambaa kile kilikuwa kimeshazunguka nchi nzima kabla hapajakuwa na dola ya kukimiliki. Kilikuwa kimeshapandishwa kwenye matawi, kimeshafukuzwa, kimeshabishaniwa na waliokiona cha vurugu na waliokiona cha wokovu. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alipoipeleka bendera ya Tanganyika kileleni Kilimanjaro, kilichoongezeka kwenye rangi za chama kilikuwa mistari miembamba ya njano. Watu hawakuhitaji kutambulishwa kwa bendera mpya. Walikuwa wanafahamiana nayo tayari.

Zanzibar ilipita njia yenye kona. Tarehe 10 Desemba 1963 ile nyekundu ya zamani ilitiwa duara la kijani lenye karafuu mbili katikati, ikawa bendera ya taifa huru. Ilidumu mwezi mmoja na siku mbili. Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 zikaja rangi za Afro-Shirazi, bluu, nyeusi na kijani. Karafuu ilikuwa alama ya kweli kabisa, zao halisi la kisiwa, na haikusaidia lolote. Nawasihi wale wanaoamini kwamba ukiweka zao la nchi kwenye bendera umeshaiwakilisha nchi waitafakari karafuu ile. Huku kwetu angewekwa korosho.

Muungano ukaja tarehe 26 Aprili, na bendera yake tarehe 30 Juni 1964. Iweke mbele yako pamoja na vile vitambaa viwili vya vyama. Nyeusi ilikuwa katikati ya vyote viwili, na kwenye Muungano imebaki katikati. Kijani ilikuwa kwa wote wawili. Njano ilitoka Bara. Bluu ilitoka Visiwani. Kisha mistari haikulazwa, ilisimamishwa mshazari, kutoka pembe ya chini karibu na mlingoti hadi pembe ya juu upande wa kupepea. Usomaji wangu, ambao sidai kuwa ni wa kamati, ni kwamba mistari ingelazwa lazima mmoja angekaa juu ya mwenzake. Mshazari unampa kila mmoja kona yake. Kijani ameshika mlingoti kwa juu, bluu yuko chini upande wa upepo, na nyeusi inapita kati ya wote bila kumwegemea yeyote. Hata hivyo ukitazama vizuri utaona kona ya heshima imekwenda kwa nani, na hilo pia lina historia yake.

Shuleni haya hayasemwi. Mtoto wa darasa la tatu wa Mikindani atakwambia bila kupumua: kijani ni ardhi na uoto, njano ni madini, nyeusi ni watu, bluu ni bahari, maziwa na mito. Sisemi ni uongo. Nasema ni maelezo ambayo hata Leslie-Moore angeweza kuyaandika kwa Msimbati yake, maana nchi gani haina ardhi, maji na watu? Kwa kufuata kipimo hicho, bendera ya mtu mmoja wa ufukweni na bendera ya taifa zinatoka sare. Bluu yetu ni maji, sawa. Lakini pia ni kiti cha Afro-Shirazi mezani mwaka 1964, na ukiifuta historia hiyo huwezi kueleza kwa nini Zanzibar mwaka 2005 ilipata tena bendera yake ya bluu, nyeusi na kijani, yenye ya Muungano kwenye pembe. Mazungumzo yaliyoanza 1964 yanaendelea kwa nyuzi na sindano, na mimi naona ni dalili ya uzima.

Majirani zetu wana bendera inayobishaniwa kuliko zote, na sehemu ya bendera hiyo ilipikwa mkoani Lindi. FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, ilizaliwa Dar es Salaam mwaka 1962, vita vikaanza Septemba 1964, na kambi yao kubwa ya mafunzo ilikuwa Nachingwea, kwenye ardhi ambayo miaka michache nyuma Waingereza walikuwa wameunguza mamilioni ya pauni kwa mpango wa karanga. Mei 1975 Samora Machel alianza safari yake ya ushindi kutoka Ruvuma hadi Maputo. Bendera ya Msumbiji ya mwaka 1983 ina nyota ya njano, juu yake kitabu kilichofunguliwa, jembe, na bunduki aina ya AK-47 yenye singe. Maelezo rasmi yanasema bunduki ni ulinzi. Mzee wa Nachingwea anayekumbuka vijana wale wakiimba alfajiri anaisoma kwa namna yake, na mfuasi wa Renamo, kundi lililopigana na serikali ya Frelimo, ambaye kwake bunduki hiyohiyo ilikuwa upande wa pili wa vita vya miaka kumi na sita, anaisoma kwa namna nyingine kabisa. Mwaka 2005 yakaitishwa mashindano ya kuchora bendera mpya. Michoro ikaja, Frelimo wenye wingi bungeni wakakataa, bunduki ikabaki. Wapo wanaoona aibu kwamba nchi ina bunduki kwenye bendera yake. Mimi sioni aibu. Naona bendera inayokiri ilikotoka, na bunge lililolazimika kuitetea hadharani.

Lakini hoja yangu ina mahali inapopata shida, na mahali penyewe ni mtoni hapo hapo. Tangu Oktoba 2017, Cabo Delgado, mkoa wa kaskazini mwa Msumbiji, imekuwa na wapiganaji wanaobeba bendera nyeusi ya dola ambayo haipo kwenye ramani yoyote. Oktoba 2020 walivuka Ruvuma wakashambulia kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara. Machi 2021 wakaivamia Palma. Hii nayo ni bendera ya nchi ya kubuni, na hakuna wa kuicheka. Basi kusema kwamba bendera za kubuni ni vitambaa visivyo na madhara ni upuuzi. Ninachoweza kusema ni kwamba bendera ile nyeusi ina undugu na ya Wissmann zaidi kuliko na ya Leslie-Moore: imekuja ikiwa na maana iliyokamilika, anayeipinga hana pa kusemea, na anayeiona anachagua kati ya kunyamaza na kukimbia. Mzee wa Msimbati alikuwa peke yake na hakumdhuru mtu. Hawa wamejaribu kuziba pengo la watu kwa panga.

Siku hizi vijana wengi wa huku wanaandika hadithi na kutengeneza michezo ya kompyuta yenye nchi za kubuni, na bendera zake ninazoonyeshwa ni nzuri kwa macho: korosho, kinyago cha Kimakonde, mnazi, mawimbi, jua. Pembeni kuna orodha ya maana ya kila rangi. Ninachokikosa ni ugomvi. Nani alishindwa kura? Ni bendera gani iliyoteremshwa ili hii ipande, na walioipenda ile ya zamani wanaificha wapi? Wavuvi walisema nini walipoona korosho imewekwa na samaki ameachwa? Kijana anayeweza kunijibu hayo amebuni nchi. Asiyeweza amebuni nembo ya kampuni.

Na kwa walimu wa uraia wa Mtwara na Lindi nina ombi moja dogo. Kabla ya kukaririsha ardhi, madini, watu na maji, chora ubaoni kitambaa cha TANU na cha Afro-Shirazi kimoja kando ya kingine, bila neno lolote chini yake, halafu waulize wanafunzi bluu ilitoka wapi.